Ndege Yangu na Kilo za Komanda

Sikumaliza darasa la tatu. Nasema mapema ili asije mtu akaniambia hapa umekosea, pale umeruka. Nimeruka, ndiyo. Lakini kilo naijua. Miaka kumi na moja nilisimama nyuma ya mizani ya kahawa, nikisukuma kile chuma kidogo kwenye mkono wake mpaka mkono utulie. Mwisho nilikuwa naangalia gunia kwa macho tu. Nasema sitini na mbili, wanapima, wanakuta sitini na mbili. Hao wenye diploma walikuwa wakinitania, "Papa, una mizani tumboni?" Nikawaambia tumboni nina pondu, majani ya muhogo tu, mizani iko kichwani.

Kutoka kupima kahawa ya watu nikaingia kununua mchele wangu, kutoka mchele mawese, kutoka mawese malori mawili. Na malori yale mawili niliyatoa yote nikachukua ndege.

Ndiyo, ndege. Ilikuwa ya shamba moja kubwa la mawese lililokufa. Mwenyewe alikuwa amerudi kwao, na ndege ilibaki Bangboka, uwanja wa ndege wa mji wetu, ndani ya hanga, kuku wanataga mayai kwenye viti. Mota moja, viti sita, mabawa juu. Barabara zilikuwa zimekwisha oza, lori linafika Yahuma baada ya wiki tatu kama linafika. Nikafikiri: huko kuna mchele, hapa kuna chumvi, katikati kuna matope tu. Watu walicheka mpaka wakalia. "Hajui kusoma, anataka kuruka!" Nilipata fundi, nikapata piloti, mtu mtaratibu wa huku huku kwetu ambaye aliwahi kurusha ndege za wamisionari. Miezi saba baadaye ndege ikaruka juu ya mto, na wavuvi wa Wagenia wakapunga mikono. Niliona kwa macho yangu.

Tulibeba chumvi, sabuni, dawa na makayabu. Wale samaki wa chumvi walinukisha ndege mpaka mji mzima ukaiita ndege ya makayabu. Sikujali. Tukirudi tulibeba mchele, wagonjwa, na mama wenye mimba ngumu.

Sheria ya ndege yangu ilikuwa moja: hakuna kitu kinachoingia bila kupita kwenye mizani. Gunia, mbuzi, mtu, na viatu vyake na mkoba wake. Nilinunua mizani ileile niliyofanyia kazi, depo ya kahawa ilipofungwa, nikaiweka kwenye kibanda changu pale uwanjani. Mapadri walipanda. Mkuu wa wilaya alipanda. Mama wachuuzi kutoka Kivu ya Kaskazini, wale wakubwa wa vitenge vya jumla, ndio walioipenda zaidi. "Soma kwa nguvu, papa!" wanapiga kelele. "Makumi nane na mbili! Bwana yangu asikie kama ninakula muzuri!" Na yule mwenye kilo chache anashuka kimya, anaona haya.

Haukuwa mchezo. Kiwanja cha kule Yahuma kilikuwa cha shamba la zamani, nyasi tupu, kifupi, na mwisho wake msitu umesimama kama ukuta. Piloti na mimi tulikijaribu kidogo kidogo. Kutoka pale, watu na mizigo pamoja, kilo mia tatu: unapita juu ya miti vizuri. Mia tatu na hamsini: magurudumu yanapangusa majani. Zaidi ya hapo hatukujaribu, na hatukuwa na nia ya kujaribu.

Bon. Vita ikaja.

Siku wanajeshi walipokuja kuichukua ndege ilikuwa asubuhi, nikiwa nakunywa chai kibandani. Komanda wao mwenyewe alikuja, mtu mnene, mwenye miwani, ameshika karatasi yenye kashe mbili, mihuri ya serikali. Alinisomea kwa Kifaransa. Nikamwambia nisomee kwa lugha ya watu.

"Muzee, ndege inachukuliwa kwa ajili ya taifa."

"Itarudi lini?"

"Vita ikiisha."

"Na vita inaisha lini, komanda?"

Aliniangalia kama nimemtukana mama yake. "Muzee, ile ni siri ya jeshi."

Piloti alichukuliwa pamoja na ndege, kama vile ufunguo unavyochukuliwa pamoja na kufuli. Hakuulizwa.

Mtu mwingine angekwenda nyumbani kulala. Mimi nilitaka kitu kimoja tu: ndege yangu na piloti wangu warudi wazima, vita vyao waviache huko. Basi kila asubuhi nilipanda toleka, nyuma ya baiskeli ya mtu, kutoka mjini mpaka Bangboka, mgongo unaniuma, kwenda kuangalia walichoharibu jana.

Na walikuwa wanaharibu. Kwanza waliipaka rangi ya kijani. Rangi gani? Rangi ya ukuta. Kwa brashi ya ukuta. Mara tatu, moja juu ya nyingine, kwa sababu makayabu walikuwa wameacha mafuta na rangi haikushika. Niliwaambia, "Jamani, rangi ina kilo." Wakacheka. Walipaka mpaka vioo vya pembeni. Piloti akakwangua kitundu kwa wembe ili aone bawa lake. Halafu waling'oa mlango mmoja, askari akae pale na bunduki yake miguu ikining'inia. Nikauliza mlango uko wapi. Uko jikoni, wapishi wanakatia nyama juu yake. Nilikwenda kuuona. Kweli.

Hayo yote ningemeza. Kilichonishinda ni mizani.

Walitaka kupeleka risasi Yahuma, maana mapigano yalikuwa upande ule, na kuwazungusha maofisa. Siku ya kwanza nilisimama kwenye kibanda changu kama kawaida, nikasema, "Komanda, karibu upande."

"Kupanda wapi?"

"Kwenye mizani."

Askari wake walikuwa nyuma, kumi na kitu. Akawageukia, kisha akanigeukia mimi. "Mimi? Mimi nipimwe sawa gunia ya kahawa mbele ya batu yangu?"

"Askofu alipimwa," nikamwambia.

"Askofu haongozi vita!"

"Ndege haijui nani anaongoza nini, komanda. Inajua kilo."

Msaidizi wake mmoja, mwembamba kama ufito, akaona sasa ndiyo nafasi ya kujipendekeza. "Muzee, unataka kujua uzito wa komanda umupelekee adui?" Wenzake wakaanza kuitikia: ndiyo, huyu iko na shauri yake, huyu anatafuta kitu. Nikaona hapa nitalala jela kwa ajili ya kilo za mtu mnene. Nikawapisha. Wakapanda bila kupimwa, ndege ikakimbia uwanja wote wa Bangboka, uwanja unaopokea mandege makubwa ya kimataifa, na ikanyanyuka mwishoni kabisa kama kuku mzee. Piloti aliporudi shati lake lilikuwa limelowa kama ametoka mtoni.

"Papa," akaniambia, "hapa uwanja ni mrefu, nimepona. Lakini kule Yahuma siku moja tutabaki kwenye miti. Nisaidie nijue ninabeba nini."

Nilimwambia mke wangu. Huyo mwanamke hana subira na wajinga, ndiyo maana nimekaa naye sana. Akaniuliza, "Baba ya batoto, ile mizani lazima ionekane?"

Basi tukaizika. Nilichimba mlangoni mwa kibanda, tukashusha sahani ya mizani mpaka ikawa sawa na sakafu, juu yake tukaweka ubao uleule wa mlangoni. Mkono wa mizani, ule wenye chuma cha kusukuma, ulibaki pembeni ndani, tukauficha nyuma ya magunia. Mke wangu akakaa pale nyuma na jiko lake, anauza kahawa na mikate. Habari ikaenea kwamba kwa muzee kuna kahawa nzuri kabla ya safari, na ofisa gani atakataa kahawa?

Shida ilikuwa moja. Mizani ile haitaki haraka. Mtu lazima asimame juu yake, atulie, mpaka chuma kisukumwe na mkono utulie. Nitamsimamishaje komanda mlangoni?

Kwa salamu. Nilimshika mkono kwa mikono yangu miwili na sikumwachia. "Komanda! Umelala? Mama wa nyumbani ameamka? Batoto? Yule wa kwanza anasoma? Na mama muzazi, miguu yake? Na baba, kama iko? Na huko kwenu mvua imenyesha?" Nilipomaliza wazazi niliingia kwa wajomba. Sikuachia mpaka nimsikie mke wangu nyuma ya magunia akikohoa. Akikohoa, ndiyo amesoma. Hapo namwachia komanda kwenye sentensi yoyote tuliyofika, hata kama anaanza kunieleza ugonjwa wa shangazi yake.

Kisha piloti anakuja kunywa kahawa, na mke wangu anamnong'oneza: mnene tisini na saba, ufito hamsini na nne, yule mwenye buti mpya sabini na moja. Piloti anatoka nje, anasema kwa sauti ya fundi, "Mota leo iko moto, tupunguze masanduku mawili." Mota wanaiogopa. Mota hawabishani nayo. Wanapunguza.

Hivi tulifanya miezi. Na unajua kilichotokea? Komanda akanipenda. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza habari za mama yake namna ile. Akaanza kunisimulia mwenyewe, akisimama pale juu ya mizani bila haraka, mpaka mke wangu anakohoa mara tatu, mara nne, na mtu haondoki. Siku moja alilia machozi. Mimi nimemshika mikono, ananililia begani kwa ajili ya mama yake, na ninafikiri: nenda, mtu wa Mungu, jua linapanda, hewa ikipata joto ndege inakuwa nzito.

Mjini wakaniona. "Papa, uko na mapenzi na komanda!" watu wa toleka wananipigia kelele. Jirani mmoja tuliyesali naye misa moja miaka ishirini akakataa kunipa mkono wa amani kanisani. Siwezi kumwambia ninapima. Nikisema kwa mmoja, kesho nimepigwa risasi. Nikameza na hilo.

Sasa ona ujinga wangu mwenyewe, maana nami sijitoi. Mizani nilizika Bangboka. Yahuma sikuzika kitu. Mtu ninayejua kilo hivi, nilipima kwenye uwanja mrefu, nikasahau ule mfupi. Nilidhani wanakwenda na mizigo na kurudi watupu, kwa hiyo hatari iko wakati wa kwenda. Sikufikiri kwamba wanajeshi hawarudi watupu kutoka mahali popote.

Wiki moja ndege ilikwenda Yahuma, haikurudi. Siku ya pili hapana, siku ya tatu hapana. Siku ya nne komanda akaniita ofisini kwake, yeye ambaye safari ile hakuwa amekwenda. Hakunipa kiti.

"Muzee, ndege yako imetuangusha."

"Ndege yangu?"

"Imevunjika Yahuma. Maofisa wangu banarudi kwa miguu. Wewe ulikuwa na ndege mubovu na haukusema!"

Ilipokuwa nzima ilikuwa ya taifa. Ilipovunjika ikawa yangu. Nilitaka kumwambia hivyo, na nilikuwa nimefungua mdomo, lakini kitu kingine kikatoka. "Piloti wangu iko muzima?"

"Sijui," akasema. "Naye pia iko yako." Na akanisogezea karatasi ya kwamba nimerudishiwa ndege. Kashe mbili tena. Niliiacha mezani.

Piloti alifika siku ya kumi na mbili. Alitembea msituni, akapata mtumbwi, akatembea tena. Jicho moja limefumba kwa kipigo na miguu imevimba. Mke wangu alimwekea maji ya moto na chumvi, akampa mchele na pondu, na hakuniruhusu kuuliza neno mpaka sahani iishe. Kisha akasema mwenyewe.

"Papa, haikuanguka. Niliivunja."

Kule Yahuma walikuwa wamejaza ndege. Aliwaambia haitaruka. Ufito akamjibu, "Si iko na mota? Ongeza mota!" Akaweka bastola shingoni mwake. Basi akaongeza mota. Wakakimbia kwenye nyasi, na alipofika nusu ya kiwanja ndege bado haijawa nyepesi hata kidogo mkononi, akajua. Kulia kulikuwa na kichuguu. Akakanyaga pedali, akaipeleka ndege juu ya kichuguu kwa makusudi. Gurudumu la mbele likakatika, panga la mota, lile linalozunguka mbele, likajikunja, bawa likalala chini. Hakuna aliyekufa. Mmoja alivunjika mkono. Aliwaambia mbuzi alikatiza mbele, na kwa sababu mbuzi kweli walikuwepo, wakampiga yeye na kumla mbuzi.

Mtu mwema angemkumbatia. Mimi nilisimama nikapiga kelele. Nilisema malori mawili! Nilisema kuku kwenye viti, miezi saba, rangi, mlango, shangazi wa komanda! "Ulijuaje kama haitapita? Ulipima? Ulikuwa na mizani?"

"Hapana, papa."

"Basi hukujua!"

Mke wangu akasema, "Baba ya batoto, kaa." Sikukaa. Nilitoka nje. Nilijua si yeye niliyepaswa kumpigia kelele, lakini kelele zilikuwa zimekusanyika miezi mingi, zikatokea hapo.

Mwaka mzima tuliishi hivyo. Anakuja nyumbani, anakula, tunasalimiana, na kati yetu kuna lile swali: ingepita au isingepita? Yeye anasema isingepita. Mimi nasema hakupima.

Vita ilipotulia na mto kufunguliwa tena kwa wasafiri, nilimwambia piloti twende Yahuma. Tulishuka kwa mtumbwi wa mota, kisha baiskeli, kisha miguu. Nina umri wangu, na kila mlima mdogo nilimlaumu yeye. 

Ndege ilikuwa pale, imelala kwa bawa moja, nyasi zimeota zikatokea pale mlango ulipokuwa. Rangi ya ukuta ilikuwa inabanduka na chini yake nyeupe yangu bado ilikuwepo. Sikuwa nimeigusa bado, watu wa kijiji walipoanza kuja. Mama mmoja mnene, mwenye sauti, alitangulia mbele ya wote na kuku mkononi.

"Ni weye mwenye ndege?"

"Ni mimi."

Akanisukumia kuku. "Papa, asante sana! Ndege yako ilitusaidia sana kwa kuvunjika!"

Sikuelewa. Nikafikiri ananicheka. Akanieleza: vitu vyote walivyopakia siku ile vilikuwa vya kijiji. Ndege ilipovunjika askari hawakuweza kubeba kwa mabega, wakaondoka na bunduki zao, na kila mtu akaja kuchukua chake. "Vyote! Hata sufuria yangu!" Wakaanza kushangilia. Mimi nimesimama na kuku, nyuma yangu malori mawili yamelala kwenye kichuguu, na wao wanapiga makofi.

Nikamwambia, "Mama, hivyo vitu bado mnavyo?"

"Viko."

"Nionyesheni."

Walicheka, lakini wakaleta. Walivipanga kwenye nyasi kandokando ya ndege, kila mtu chake. Nikapita taratibu, mikono mgongoni, kama zamani depo. Mashine ya kushona ya katekista: ishirini na nane. Mchele ulikuwa umekwisha liwa, lakini yule mama alionyesha magunia yaleyale manne na jinsi yalivyojaa: hamsini na tano, hamsini na tano, sitini, arobaini na nane. Mabati yaliyofungwa. Godoro. Jenereta ndogo ya kanisa, niliinyanyua upande mmoja kwa mguu. Mbuzi watatu walioletwa walikuwa wengine, lakini wa ukubwa uleule, waliapa. Halafu nikaongeza watu: piloti, ufito, na maofisa wawili waliokuwa nao siku ile. Nilisimama mwisho wa mstari, nikaangalia miti ile iliyosimama kama ukuta, nikajumlisha tena kwa sababu sikupenda jibu.

Mia saba na kumi na nane. Punguza kumi kama nimekosea. Sijakosea.

Piloti alikuwa amekaa kwenye moja ya magurudumu yaliyobaki, ananitazama.  Watu wote walikuwa wanafikiri labda nataka kuchukua vitu vyao.

"Isingepita," nikasema.

Akainamisha kichwa. Nikaona mabega yake yanashuka, mwaka mzima ulikuwa umekaa pale juu, na mimi ndiye niliyekuwa nimeupakia. Sijui kusema maneno ya namna hiyo, na sikuyasema. Nilimpa kuku amshike.

"Lakini ungeweza kuvunja gurudumu tu," nikamwambia. "Panga la mota lilikukosea nini?"

"Papa, kichuguu hakichagui."

"Kulikuwa na vichuguu vidogo. Tazama pale. Tazama na pale."

Akaanza kucheka. Yule mama naye akacheka, bila kujua kwa nini, na kijiji kizima nyuma yake. Mimi sikucheka. Nilimwambia alete bisibisi, tuanze kufungua vinavyofaa bado, kwanza dashibodi, maana sikutembea njia yote ile kuja kupokea kuku.